Klarineti Niliyoivuta kwa Mdomo Wangu

Jumamosi hiyo kabla ya saa nne nilikuwa nimemaliza kufua, nepi zote za Mignonne ziko kwenye kamba. Niliziwahisha kwa sababu sisi wa Musonoi tunajua saa za mgodi: wakilipua, vumbi linaingia hadi ndani ya sufuria, na ulichofua unakifua tena. Mignonne alikuwa na miezi saba. Nilimweka kwenye mkeka karibu na meza ya kazi ya baba yake, anajivuta soksi, anajichekea mwenyewe.

Mume wangu Ruffin alikuwa ameenda mjini kutafuta gundi. Yeye ndiye anayetengeneza klarineti na filimbi za fanfare, zile bendi za tarumbeta za makanisa, zinamfikia kutoka Kolwezi yote, hata kutoka Lubudi zinakuja kwa treni zimefungwa kwenye kitenge. Kazi hiyo aliachiwa na marehemu baba yake, tata Henri, maana wanaume wakubwa huku tunawaita tata. Na mimi nilipata diploma yangu ya sekondari, nikatembeza barua za kuomba kazi mpaka viatu vikaisha, sikupata, basi nikakaa kwenye meza ya Ruffin nikajifunza. Nilijua kubandua tampo, zile sahani ndogo za ngozi zinazofunika matundu, na kubandika mpya. Nilijua kupaka mafuta ndani ya mbao. Na nilijua kuvuta.

Kuvuta ni hivi. Klarineti ikishatengenezwa, unachukua kipande chake cha juu peke yake, unaziba matundu kwa vidole, unaziba chini kwa kiganja, halafu unaweka mdomo juu na kunyonya hewa yote iliyo ndani. Kama haivuji, mbao inang'ang'ania mdomo wako kidogo, na ukiibandua inalia *po!* kama chupa. Ikilia hivyo, kazi ni nzuri. Nilikuwa nimeshafanya hivyo mara nyingi sana, na Ruffin alikuwa anasema mapafu yangu ni mazuri kuliko yake.

Lakini tata Henri aliacha desturi moja, na nyumba nzima tunaijua. Mwenye kuleta chombo ndiye anayetangulia kukipuliza, hata kama kimevunjika, hata kama hakitoi sauti. Anapuliza mbele yako. Akikataa, usikivute. Na kama mwenye chombo amekufa, hakivutwi kabisa: unafungua matundu yote, unakianika juani siku tatu, halafu unakipima kwa moshi wa karatasi, siyo kwa mdomo wa mtu. Ni hivyo tu. Mimi nilidhani ni mambo ya wazee.

Juma lile mezani kulikuwa na klarineti moja nyeusi, ya zamani, mbao nzuri sana. Ililetwa Jumanne na mtu wa Mutoshi, tata Ngeleka, akaiacha mlangoni kwa haraka ndani ya sanduku lake, akasema ni ya kaka yake na kwamba anaihitaji Jumapili. Ruffin alipoifungua alikuta kwenye mdomo wake mpana wa chini donge la udongo mwekundu limeshindiliwa pamoja na kipande cha gunia, ngumu kama saruji. Alilitoa kwa bisibisi nusu saa nzima. Akasema labda watoto waliichezea. Aliitengeneza yote, ikabaki kuvuta tu, na asubuhi ile akitoka aliniambia, "Ile ya Mutoshi uiache. Mi mwenyewe nitamuuliza mwenye chombo kwanza."

Saa tano hivi nikasikia mtu mlangoni.

"Odi! Fundi eko?"

Alikuwa Ngeleka. Mwanaume wa miaka arobaini hivi, shati safi, lakini alikuwa anapumua vibaya, anavuta kidogo kidogo, kama mtu aliyekimbia kutoka mjini. Nikamwekea kiti. Alikaa, na hakuacha kupumua hivyo.

"Alikwenda mu ville, tata. Atarudia saa nane."

"Sitangoja saa nane. Chombo inaisha?"

"Inaisha. Inabakia kuvuta tu."

"Basi vuta, nione."

Nikamwambia anatakiwa aanze yeye kupuliza, ndiyo desturi ya hapa. Akajishika kifua.

"Nipulize na kifua gani, mama? Hauoni namna napumua?"

"Basi tungoje bwana yangu."

"Kumbe weye ni mupishi tu! Banasemaka bibi ya fundi anajua kazi, kumbe banadanganya." Akacheka, na kicheko kikamkaba, akainama mpaka magotini, akatoa macho. Nikaogopa atanifia kwenye kiti. Nikamletea maji. Akanywa funda moja, akarudisha kikombe.

"Na kaka yako, mwenye chombo, eko muzima?" nikauliza.

"Eko Lubudi. Anakula, anakunywa."

Alisema hivyo akimwangalia Mignonne. Siyo mimi. Mignonne aliacha kucheka na soksi yake.

"Huyu ananyonya bado?"

"Ananyonya."

"Muzuri," akasema.

Ningekuwa na akili ningemfukuza. Lakini nilimwonea huruma, nasema ukweli, nilimwonea huruma yule mtu, na tena neno la mupishi lilikuwa limenichoma. Nikakaa, nikachukua kipande cha juu. Nikaziba matundu. Nikaziba chini. Nikaweka mdomo, nikavuta.

Kwanza nilipata ladha. Siyo ya mafuta ya mbao. Udongo mbichi, wa chini, ule wenye shaba ndani, unaouma ulimi. Halafu hewa ikaja, na haikuisha. Kipande kile ni kifupi kama mkono wa mtoto, hewa yake ni funda moja, lakini mimi nilivuta funda moja, la pili, la tatu, na bado inakuja, baridi, inaingia yenyewe, mimi sivuti tena. Nilitaka kubandua. Mbao haikuachia. Nikatoa vidole kwenye matundu. Haikuachia. Nikatoa kiganja. Ilining'inia kwenye mdomo wangu bila kushikwa na mtu.

Halafu ikaachia yenyewe, ikaanguka mapajani. Haikulia *po*. Haikulia kitu.

Ngeleka alikuwa amesimama. Na alikuwa anapumua. Vizuri. Alivuta pumzi ndefu, akaishusha, akavuta nyingine, machozi yanamtoka, kama mtu aliyetolewa mzigo kichwani.

"Aksanti, mama," akasema kwa sauti ndogo. "Aksanti sana."

"Chombo yako, tata!"

"Mubakie nayo."

Akatoka. Nilimwona akipanda kile kilima cha barabara kwa miguu, haraka, bila kukohoa hata mara moja.

Mignonne akaanza kulia. Nikainuka, kipande kikaanguka sakafuni, nikamchukua, nikampa ziwa, kwa mazoea tu, sikufikiri. Alinyonya vizuri kidogo. Halafu akaliachia ziwa, akafungua mdomo, akavuta hewa.

Akavuta. Akavuta.

Nilingoja aitoe. Kifua chake kilipanda, mbavu zikaonekana moja moja, na bado anavuta. Nikaanza kuhesabu, sijui kwa nini. Nilifika ishirini. Ndipo akaitoa, kidogo tu, kama aliyeionea choyo, akaanza tena kuvuta. Macho yake wazi, hayaniangalii mimi. Na pazia la mlangoni, mita mbili kutoka pale, lilikuwa limeinama kuelekea kwetu. Nje hakukuwa na upepo. Nepi kwenye kamba zilikuwa zimetulia.

Nikapiga kelele. Aliyekuja ni yaya Rachelle, dada mkubwa wa Ruffin, tunaishi naye uwanja mmoja. Rachelle hakunipenda tangu siku ya kwanza, na hakuwahi kunificha. Alimwangalia mtoto, akaangalia klarineti sakafuni, akanishika taya.

"Fungua kinywa."

Nikafungua. Akanusa, akarudi nyuma.

"Unanuka shimo. Uliivuta?"

"Yaya, alikuwa anaumwa, hakuweza kupuliza..."

"Uliivuta! Na ziwa ukapatia mutoto! Weye na madiploma yako! Papa alikatalia mama yangu kugusa hii meza miaka yote alikuwa ananyonyesha, weye ulifikiri ni juu ya nini? Juu ya wivu?"

Hakuna aliyewahi kuniambia sehemu hiyo. Nilimwambia hivyo. Akanijibu kwamba siyo kazi yake kunilea.

Ruffin aliporudi tulikimbia kwa taximoto mpaka kwenye zahanati. Muuguzi alisikiliza kifua, akapima, akasema mapafu ni safi, hayana kitu, mtoto anachoka tu. Tulilala pale. Kila saa pumzi ya Mignonne ilikuwa inazidi kuwa ndefu ya kuvuta na fupi ya kutoa. Midomo yake ikaanza kuwa kijivu. Alfajiri nilihesabu mpaka hamsini na mbili, nikaacha kuhesabu.

Asubuhi, Jumapili, Rachelle akaja na klarineti ameifunga kwenye kitambaa. Hakunisalimia. Alimwambia Ruffin, "Twende Mutoshi tumujue huyu mufu. Mukilala tena hapa, hautakuwa na mutoto."

Tulikwenda na Mignonne mgongoni mwangu. Nyumba ya Ngeleka ilikuwa imefungwa, majirani wakasema alipanda treni. Lakini kwenye sanduku la klarineti kulikuwa na jina la fanfare ya kanisa, tukaenda kanisani, na pale nje tukamkuta Gaston, mpiga ngoma wao, kijana mchimbaji. Ruffin alifungua kitambaa tu. Gaston akarudi hatua mbili.

"Hii chombo iko kwenu namna gani? Ni ya tata Edouard."

"Kaka ya Ngeleka? Si eko Lubudi?" nikauliza.

"Lubudi gani? Alikufa mwezi wa tatu."

Akatupeleka pembeni, akatueleza kwa sauti ya chini, anaangalia nyuma kila mara. Edouard na Ngeleka walikuwa na shimo moja, wanachimba kobalti pamoja na Gaston. Edouard hakuacha klarineti yake nyumbani, maana Ngeleka alishauza viatu vyake na redio yake. Alikuwa anashuka nayo ndani ya gunia, wenzake wanamcheka, wanamwambia, "Maestro, utawapigia mapanya!" Siku moja udongo ukaanguka. Edouard alikuwa chini.

"Pale juu udongo ilikuwa kidogo," Gaston akasema. "Alipitisha klarineti mu ufa. Tuliona mudomo yake ya chini inatokea inje. Alikuwa anapumua ndani yake. Tulisikia. Mara moja alipiga hata sauti moja, atuambie eko. Mi nilikimbia kuita bantu na majembe. Nikamuacha Ngeleka amulinde."

"Halafu?"

"Tulipofika Ngeleka alikuwa anakaa pale juu, klarineti ku mikono. Alisema Edouard amekata roho. Kisha udongo ikaanguka tena, yote. Hatukumutoa. Eko kule mpaka leo. Na Ngeleka, toka ile siku, anapumua kama imbwa ya mu jua."

Ruffin alikuwa anaiangalia mikono yake.

"Mi nilitoa donge ya udongo mule ndani," akasema. "Na kipande ya gunia. Ilikuwa imeshindiliwa kutoka inje."

Gaston alikaa chini vumbini na nguo zake za Jumapili.

Rachelle hakukaa. Alinigeukia mimi, na macho yake hayakuwa na huruma hata kidogo.

"Edouard alikuwa anavuta pumuzi wakati Ngeleka anamuziba. Hajamaliza kuvuta. Kwanza alikuwa anavutia ku kifua ya ndugu yake, na ule akakuletea weye. Sasa anavutia ku mutoto. Aliyevuta ndiye atarudisha. Utapuliza chini, mpaka ashibe. Kama hautaki sema sasa, tusipoteze wakati, tukatafute sanduku ya mutoto."

"Nitapuliza," nikasema.

"Akichukua yote?"

"Nitapuliza."

Gaston alitupeleka. Shimo lenyewe lilikuwa nyuma ya nyasi ndefu, mahali palipobonyea tu, udongo mwekundu na mawe ya kijani. Jua kali. Mbali kidogo watu walikuwa wanaosha madini, mama mmoja anauza mandazi, kila kitu kama siku zote. Ruffin aliunganisha klarineti. Hakuweka ulimi wa tete, kile kijiti kinachotoa sauti, kwa sababu haikuwa ya kupiga. Rachelle alimshika Mignonne. Mtoto wangu alikuwa wa kijivu mpaka kwenye kucha, mdomo wazi, anavuta.

"Usimuombe," Rachelle akaninong'oneza. "Usimuambie pole. Puliza tu."

Nikapiga magoti. Nikasimamisha mdomo mpana juu ya udongo, nikaubonyeza. Nikapuliza.

Pumzi yangu ilitoka, na haikusimama. Ilivutwa. Niliishiwa, nikataka kuinua kichwa nivute nyingine. Sikuweza. Midomo yangu ilikuwa imeshikwa. Ilivutwa ile iliyobaki chini ya kifua, ambayo mtu hajui kama anayo. Halafu nyingine, sijui ilitoka wapi. Masikio yakalia. Nikaona weusi pembeni.

Mikono yangu yote miwili ilikuwa imeshika juu, karibu na mdomo. Nasema hivi kwa sababu nilikuwa naangalia. Vifuniko vya matundu, vile Ruffin alivyovitengeneza, vilianza kushuka. Kimoja. Cha pili. Cha tatu. Vinajifunga vyenyewe, kutoka juu kwenda chini, polepole, kama vinavyobonyezwa na mtu anayejua.

Cha mwisho kikajifunga.

Sauti ikatoka. Moja. Ya chini kabisa. Haikutoka kwenye klarineti. Ilitoka chini ya magoti yangu.

Yule mama wa mandazi aligeuka. Wote waliokuwa wanaosha madini waligeuka.

Halafu *paa!* mbao ikapasuka, kutoka juu mpaka chini, ufa mmoja ulionyooka. Nikaanguka nyuma. Hewa ikaniingia kama maji ya moto. Na kabla sijaona kitu nilisikia kilio, kilio cha Mignonne, cha hasira, kifupi, cha mtoto anayetaka ziwa.

Nilinyoosha mikono. Rachelle hakunipa.

"Leo atakunywa maziwa ya kopo," akasema. "Na usinishukuru. Nilikuja juu ya mutoto ya ndugu yangu."

Klarineti tuliiacha palepale. Gaston aliifukia kwa mikono. Wakati wa kurudi ndipo Rachelle aliponipa Mignonne, nikambeba kwenye taximoto, nimemkumbatia kifuani, nahisi pumzi yake shingoni kwangu, inaingia, inatoka, inaingia, inatoka. Nililia njia nzima mpaka Musonoi.

Sasa ni wiki ya tano. Analala vizuri, anakula uji, meno mawili yametoka. Kila mtu anayemwona anasema mtoto mzima. Nilianza na mimi kusema hivyo.

Jumanne iliyopita nilikuwa namkata kucha. Kwenye kidole gumba cha mkono wa kulia, pembeni, chini kidogo ya kucha, kuna mahali pagumu. Nilidhani ni uji umekauka. Nikalowesha kitambaa, nikasugua. Haikutoka. Nikaminya. Hakulia.

Nikamwita Ruffin. Aliushika ule mkono mdogo, akaugeuza kwenye mwanga wa dirisha, akaugeuza tena, mpaka nikamwambia, sema kitu, papa Mignonne, sema kitu. Akanieleza. Klarineti nzima, ukiipiga, kile kichuma kidogo cha nyuma kinalaza uzito wake wote juu ya kidole gumba cha kulia, pembeni, chini ya kucha. Wapigaji wote wanaota sugu hapo. Baba yake alikuwa nayo. Ya baba yake ilichukua miaka kumi kuwa ngumu hivi.

Alichukua msasa ule laini kabisa, wa kumalizia mbao, akaisaga taratibu, mtoto amelala. Ikaisha. Ngozi ikabaki laini, ya waridi. Tulilala.

Leo asubuhi nimemvua soksi anazozivaa mikononi asijikwaruze. Imerudi. Na katikati yake kuna mfinyo mdogo, umenyooka, kama wa kile kichuma kilichowekwa hapo usiku kucha.